Mcheza kwao hutunzwa, lakini makuta yanaingia mfuko wa nani?

Mjini Paris, upande wa Pigalle, kuna kumbi ambamo mwaka wa leo unaachwa mlangoni pamoja na koti. Wateja wenyewe wanakuja wamevaa kama babu na bibi zao: wanaume na bretele na kofia za kitambaa, wanawake na glavu zinazofika kwenye kiwiko, nywele zimekunjwa kama katika sinema za zamani. Taa ni hafifu, meza ni ndogo, champagne ni ya bei kali. Mshereheshaji anapanda jukwaani, anachokoza watu wa meza ya mbele, anakumbusha kanuni: hakuna kugusa mtu, hakuna kupiga picha. Kisha muziki unaanza, pazia linafunguka, na mwanamke mmoja anaingia amevaa nguo nyingi kuliko mtu yeyote ndani ya ukumbi.

Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza wanaofika mara ya kwanza. Walidhani wanakuja kuona mtu asiye na nguo. Wanaona mtu mwenye koti la manyoya, gauni, sketi ya ndani, korse, soksi ndefu na glavu. Anaanza na glavu, kidole kimoja baada ya kingine. Glavu moja inaweza kumaliza nusu ya wimbo. Anaivuta kwa meno, anaizungusha, anajifanya ameisahau, anamkazia macho bwana mmoja aliyekaa kimya kupita kiasi, na ukumbi mzima unacheka. Karibu na mwisho anachukua mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni, yanayomfunika kuanzia shingo mpaka magoti. Anayafungua kwa sekunde moja, na kinachoonekana ni vibandiko viwili vidogo vinavyong'aa kifuani na nguo ya ndani. Taa zinazimika. Watu wanasimama kupiga makofi, na wengi wao ni wanawake.

Mchezo huo unaitwa burleski, na siku hizi unachezwa kwa mtindo wa zamani, kama kabare za miaka ya 1920 mpaka 1950. Uko Paris, uko Bruxelles, uko London na New York. Wakongomani wanaoishi Bulaya wanaufahamu, na wako wanaokwenda kuuangalia, ingawa si kila mmoja atawaambia watu wa nyumbani.

Tangazo la usiku kama huo likifika kwenye WhatsApp ya familia, majibu yanajulikana kabla ya kuandikwa. Mama mkubwa wa Bukavu atauliza kama wale wasichana hawana wazazi. Mjomba atasema Bulaya imekwisha. Kijana atauliza tiketi ni bei gani. Na mtu wa nne, yule asiyesema kitu siku zote, atakumbusha kwamba katika clip za muziki zinazopigwa kwenye kila nganda ya Goma na Uvira kuna wasichana wenye nguo chache kuliko hizo, na hakuna aliyeuliza habari za wazazi wao.

Huyo wa nne ana haki. Mambo ya nguo yamezungumzwa sana, kanisani na sokoni. Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni lingine: katika usiku kama huo, nani ameamua kitakachochezwa, na nani anarudi nyumbani na makuta? Hapo ndipo penye kipimo cha kweli cha kabare, iwe ya Pigalle ama ya Kinshasa. Urefu wa sketi unakuja nyuma sana.

Mzaha ulitangulia

Neno burleski lina asili ya Kiitaliano, burla, maana yake mzaha. Mwaka wa 1868 Mwingereza Lydia Thompson alifika New York na kundi lake la wanawake. Walichukua hadithi za kale zilizoheshimiwa na wasomi, wakazigeuza kichekesho. Wanawake walicheza nafasi za wanaume, miguu yao ikionekana katika soksi za kubana. Watu wa heshima walikasirika. Walisema sababu ni miguu. Lakini mwanamke anayesimama mbele ya watu na kuwacheka wanaume wenye vyeo, hilo nalo liliuma.

Baadaye mzaha ulipungua na kuvua kukaongezeka. Kufikia miaka ya 1930, kumbi nyingi za burleski Marekani zilikuwa zimegeuka mahali pa kuvua nguo, na mwaka wa 1937 wakubwa wa mji wa New York wakazifunga kwa kuzinyima ruhusa ya kazi. Hata hivyo, aliyekuwa maarufu kuliko wote katika wakati ule, Gypsy Rose Lee, alijulikana kwa mdomo wake kuliko ngozi yake. Alizungumza, alichekesha, alitoa kidogo sana, na watu waliondoka wakidhani wameona mengi. Mwaka wa 1957 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka wa 1959 kitabu hicho kikawa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo huko Broadway. Aliyevua nguo ndiye aliyeandika habari yake mwenyewe. Ni wachezaji wachache sana waliopata bahati hiyo.

Katika miaka ya 1990 wasichana wa New York na Los Angeles waliufufua mchezo huo. Anayejulikana zaidi kati yao ni Dita Von Teese, aliyezaliwa Michigan mwaka wa 1972, yule anayeoga ndani ya bilauri kubwa jukwaani. Nyuma yake wako wengi wasiojulikana. Wanafanya kazi nyingine mchana, usiku wanacheza. Wanachagua wimbo wenyewe, wengi wanashona nguo zao wenyewe, wanatunga mzaha wao wenyewe. Wako wanene, wako wembamba, wako waliopita miaka 50. Mwaka wa 2010 Mfaransa Mathieu Amalric alipata tuzo ya mtengenezaji bora wa filamu huko Cannes kwa filamu yake Tournée, iliyowaonyesha wachezaji wa namna hiyo wakizunguka katika miji ya pwani ya Ufaransa na meneja asiye na makuta. Filamu hiyo haikuficha ukweli: vyumba vya hoteli ni vya huzuni, malipo hayana uhakika, lakini kila mmoja jukwaani anacheza kitu chake.

Kabare kubwa zina kanuni nyingine. Moulin Rouge, iliyofunguliwa tarehe 6 mwezi wa kumi 1889 chini ya kilima cha Montmartre, inakodisha wachezaji wapatao 60, na msichana mfupi hapati nafasi humo. Onyesho lake ni lile lile tangu 1999, hatua kwa hatua. Mchezaji hachagui wimbo wala vazi. Lakini ana mkataba, ana mshahara, ana saa za mazoezi zinazojulikana. Huo nao ni ulinzi. Na ulinzi huo unaweza kuvunjika: mwaka wa 2022 kabare nyingine ya Paris, Lido, iliyokuwa kwenye Champs-Élysées, iliacha onyesho lake la kila usiku, na wafanyakazi zaidi ya 150 wakaambiwa kazi yao imekwisha. Manyoya yakabaki kabatini, watu wakatafuta pengine.

Ndizi ambazo hazikutoka Afrika

Kati ya picha zote ambazo kabare za mtindo wa zamani zinapenda kuzirudisha, kuna moja inayomgusa Mwafrika moja kwa moja. Ni ile sketi ya ndizi.

Aliyeivaa ni Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Saint Louis mwaka wa 1906. Alifika Paris akiwa na miaka 19, pamoja na kundi lililoitwa La Revue Nègre. Walipofanya mazoezi katika Théâtre des Champs-Élysées, wenye ukumbi waliona onyesho halina Uafrika wa kutosha. Wachezaji walikuwa watu wa mijini Marekani, wenye jazi na viatu vya kugonga sakafu. Basi akaitwa Jacques Charles, fundi wa maonyesho ya Moulin Rouge, na ikatungwa ngoma mpya, Danse sauvage, yaani densi ya washenzi. Tarehe 2 mwezi wa kumi 1925 Josephine aliicheza akiwa karibu uchi, na Paris ikapagawa. Mwaka uliofuata, katika Folies Bergère, akavaa sketi ya ndizi za kutengeneza na kucheza nafasi ya msichana wa msituni anayemtokea mzungu mpelelezi aliyelala.

Mtu wa Masisi ama wa Kalehe anaijua ndizi. Anajua ya kupika, anajua ya kuivisha, anajua ile inayokamuliwa kasiksi ya harusi. Hajawahi kuona mama amefunga ndizi kiunoni akaenda nazo kwenye sherehe. Uafrika ule ulitungwa Paris, na Wafaransa, kwa ajili ya Wafaransa.

Kwa nini waliuamini? Kwa sababu walikuwa wamezoezwa. Mwaka ule ule wa 1889 Moulin Rouge ilipofunguliwa, maonyesho ya dunia ya Paris yalikuwa na kijiji cha watu weusi, watu wapatao 400 waliowekwa pale ili watazamwe. Ubelgiji ilifanya vivyo hivyo na Wakongomani. Mwaka wa 1897 Mfalme Léopold II alileta watu 267, wanaume, wanawake na watoto, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren, karibu na Bruxelles. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kuwaangalia. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako Tervuren mpaka leo. Hata mwaka wa 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru, maonyesho ya dunia ya Bruxelles yalikuwa bado na kijiji cha Wakongomani nyuma ya uzio. Habari za wakati ule zinasema baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi juu ya uzio. Wakongomani wale walichoshwa na dharau, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa.

Ndizi ya Folies Bergère na ndizi ya uzio wa Bruxelles zinatoka katika fikra moja. Tofauti ni mtu aliyekuwa katikati. Watu wa Tervuren hawakuamua namna watakavyoonyeshwa. Josephine alisaini mkataba, akalipwa, na akatia kitu ambacho fundi wake hakukiandika: alipindisha macho, akafanya uso wa kichekesho, akatembea kama kuku. Aliwarudishia watazamaji ndoto yao huku akiicheka. Hiyo ndiyo burla yenyewe. Je, wote waliuelewa mzaha? Hapana. Wengi waliona ushenzi walioutaka na kurudi nyumbani wameridhika. Hilo lisifichwe.

Lakini yeye hakubaki ndani ya ndizi. Aliimba akiwa na magauni marefu, akawa raia wa Ufaransa mwaka wa 1937. Wakati wa vita vya pili vya dunia alisafirisha habari za siri za kijeshi zilizoandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi za muziki. Tarehe 28 mwezi wa nane 1963 alisimama Washington, siku moja na Martin Luther King, amevaa sare yake ya jeshi, akahutubia. Alilea watoto 12 wa asili mbalimbali katika jumba lake la Milandes, kisha madeni yakamnyang'anya jumba hilo. Mwezi wa nne 1975 alirudi jukwaani Bobino, Paris, kusherehekea miaka 50 ya kazi. Siku nne baada ya onyesho la kwanza alikufa. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021 Ufaransa ilimwingiza Panthéon, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kwa hiyo kabare ya leo inayomvalisha msichana ndizi na kuiita ni kumkumbuka Josephine ingefaa ijiulize imemkumbuka nini. Mwaka wa 2006 Beyoncé alivaa sketi kama ile jukwaani New York. Lakini Beyoncé ni bosi wa jukwaa lake, na kila mtu alijua anamsalimia nani. Ukumbi unaochukua ndizi na kuacha ule uso wa kichekesho, sare ya jeshi na madeni ya Milandes umerudi kule kwenye uzio wa 1958. Mtindo wa zamani una mambo mengi mazuri ya kurudisha: ushonaji, orkestra, uvumilivu wa glavu moja kwa dakika mbili. Ndizi zinaweza kubaki jikoni.

Jina gani linatajwa kwenye wimbo

Ni rahisi kwa Mkongomani kuwahukumu Wafaransa na Wabelgiji. Kupima nyumbani kwa kipimo kile kile ni kazi ngumu zaidi.

Kongo ina kabare yake, ingawa haiitwi hivyo. Mwezi wa kumi na mbili 1970, Tabu Ley Rochereau alipanda jukwaa la Olympia, mjini Paris, na orkestra yake na wasichana wa kucheza. Toka wakati wa wasichana wake walioitwa Rocherettes, orkestra kubwa ya Kongo bila wachezaji mbele ni kama harusi bila chakula. Kiuno cha mchezaji ndicho kinachouza clip, ndicho kinachojaza stade, ndicho kinachofanya wimbo uvuke mpaka Nairobi na Abidjan. Kisha wimbo unafika kwenye ile sehemu ambayo kila Mkongomani anaijua, libanga, mahali ambapo majina ya waliotoa makuta yanatajwa moja baada ya jingine: mfanyabiashara, jenerali, mbunge, bosi wa dukani. Jina la msichana anayetoka jasho mbele ya kamera ni nadra kutajwa hapo.

Mwezi wa kumi na mbili 2021 ulionyesha jambo hilo wazi kuliko hotuba yoyote. Tarehe 14, UNESCO iliandika rumba ya Kongo, Kinshasa na Brazzaville pamoja, katika orodha ya urithi wa binadamu. Watu walicheza barabarani, na walikuwa na sababu. Siku moja kabla, tarehe 13, mahakama ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ilikuwa imempa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa Kongo kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuia wachezaji wake wanne wa zamani wasitoke katika nyumba walimokaa. Mashtaka ya kuwashambulia kingono, mahakama iliyaondoa. Habari ya kwanza ilipigiwa ngoma. Ya pili ilizungumzwa kwa sauti ya chini, na wengi waliwalaumu wasichana. Lakini rumba iliyoandikwa na UNESCO ni kazi ya watu hao pia. Urithi wa taifa hauwezi kuwa na mguu mmoja kwenye sherehe na mwingine nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Tena inapotokea kelele juu ya maadili, tume ya serikali inayochunguza nyimbo na maonyesho inaitwa, wachungaji wanahubiri, na macho yote yanamwendea mchezaji. Ni nadra mtu kumwuliza aliyemvalisha, aliyemrekodi, aliyeuza clip na aliyelipia meza ya mbele. Msichana anabeba aibu ya wote, na mara nyingi hata makuta ya taksi ya kurudia nyumbani ni ya kuomba.

Iko njia nyingine, na Kongo yenyewe iliionyesha. Tshala Muana alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1958. Alianza kama mchezaji nyuma ya M'Pongo Love. Hakukaa nyuma. Alichukua mutuashi, ngoma ya kiuno ya Waluba wa Kasai, ambayo haikutungwa na fundi wa Moulin Rouge, akaipeleka Abidjan, Paris na mbali zaidi. Wako waliosema kiuno kile ni aibu. Alicheza tu, akiimba mwenyewe, orkestra ikiwa yake, jina lake likiwa kubwa kwenye bango. Alipata hata kuwa mbunge. Alipokufa mwezi wa kumi na mbili 2022, taifa lilimlilia kama mama. Kiuno ni kile kile alichokuwa nacho alipocheza nyuma ya mwingine. Kilichobadilika ni mwenye kuamua.

Swali ambalo Kivu haiwezi kulikimbia

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini habari za kabare ziwahusu watu wa mashariki ya Kongo, ambako kuna vita, wakimbizi na njaa. Zinawahusu kwa sababu hiyo hiyo. Katika Kivu, mwili wa mwanamke umegeuzwa uwanja wa vita kwa zaidi ya miaka 25. Hospitali ya Panzi, Bukavu, imewatibu maelfu kwa maelfu ya wanawake walioumizwa, na Daktari Denis Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018 kwa kazi hiyo. Mahali penye historia ya namna hiyo, kuuliza nani anaamua juu ya mwili wa mwanamke si mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza.

Na hapo ile kanuni ya kwanza ya mshereheshaji wa Pigalle, hakuna kugusa mtu, inapata uzito. Ndani ya ukumbi ule mwanamke anaweza kubaki na vibandiko viwili tu, na mwanaume anayenyoosha mkono atatolewa nje. Nje ya ukumbi, katika miji mingi ya dunia, mama aliyefunga kitenge mpaka kwenye kifundo cha mguu hana ulinzi huo akirudi kutoka sokoni. Anayesema heshima ya mwanamke inalindwa na kitambaa peke yake awaulize wamama wa Walikale na Fizi kitambaa kiliwasaidia nini.

Hoja ya wazazi na makanisa haipaswi kudharauliwa. Mtu anayesema mwili ni wa siri na haufai kuuzwa jukwaani anasema jambo ambalo Wakongomani wengi wanaliamini kwa moyo safi, na hakuna anayelazimishwa kununua tiketi. Lakini haki lazima iwe na mizani moja. Kama jukwaa lile ni dhambi, basi aliyelipia meza, aliyekodisha ukumbi na aliyeuza bia wana sehemu yao sawasawa na aliyevua glavu. Na kama ni kazi, basi ni kazi kama nyingine: ina umri wa kuanzia, na huo si umri wa mtoto wa shule, ina mkataba ulioandikwa, ina malipo yanayojulikana kabla ya onyesho, na pasipoti ya mchezaji anayesafiri inakaa mikononi mwa mchezaji.

Mambo hayo hayahitaji makuta ya Bulaya. Orkestra ya Goma inaweza kuandika majina ya wachezaji wake chini ya video. Mwenye nganda wa Lubumbashi anaweza kumlipa mchezaji mbele ya mashahidi, mkononi mwake, pasipo kupitia kwa mtu wa kati. Mwanamuziki anayetaja majina 30 kwenye libanga anaweza kuongeza mawili ama matatu ya watu waliobeba wimbo wake kwa miguu yao. Na mtazamaji, kabla ya kuuliza kama msichana ana wazazi, anaweza kuuliza kama amelipwa.

Katika kumbi ndogo za Paris, usiku ukikaribia mwisho, kofia inapitishwa kati ya meza. Watu wanatia noti na sarafu, na zinagawanywa kati ya waliocheza. Nyuma ya pazia mwanamke yule yule wa mapepeo ya mbuni anavaa jeans, anakunja korse yake, anahesabu sehemu yake, anawahi metro ya mwisho. Pengine ni kidogo. Lakini amehesabu mwenyewe. Waswahili walisema tangu zamani kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wa Kongo wamekwisha kucheza vya kutosha, kwao na kwa watu. Sasa kofia ipitishwe, na mikono itakayoigusa mwisho iwe yao.